Vito vya Wafalme na Nyundo ya Mnada

Wahenga walituachia methali isemayo: Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Aliyemwondoa jongoo nyumbani kwa kijiti hakirudishi kijiti kile ndani. Humtupa mdudu, akakitupa na kilichombeba. Ni methali ya hekima, na imewafaa watu wengi waliotaka kukomesha ubaya na mizizi yake. Lakini hutokea siku moja mti wenyewe ukawa wa mpingo, umenakshiwa na mafundi wa vizazi vingi, na mtupaji asiutazame kabla ya kuutupa. Siku kama hiyo iliwafikia Wafaransa mwezi wa Mei 1887, walipovitia mnadani vito vya taji la nchi yao.

Makala haya yakusudia kusimulia habari za mnada ule, yaliyoutangulia na yaliyoufuata, kisha kuuliza yatufundisha nini sisi tulio mbali na Paris, ambao desturi zetu hazikuwa na mataji ya almasi, lakini ardhi yetu hutoa mawe yanayopambia mataji hayo.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe. Taji la ufalme, lile zito la duara ambalo mfalme huvikwa siku ya kutawazwa, huvaliwa mara chache katika maisha. Tiara ni kitu kingine. Hilo ni taji dogo la kike, mara nyingi la nusu duara, lenye kukaa juu ya paji la uso na kufichwa ncha zake katika nywele. Huvaliwa na malkia, binti mfalme au bibi wa ukoo mkubwa katika karamu na arusi. Aghalabu hufanyizwa pamoja na vitu vingine vya jamii yake: kidani, vipuli, bangili na bizimu, vyote vikiwa vya jiwe moja, ama zumaridi, ama yakuti, ama lulu.

Masonara wa Paris wa karne ya 19 walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walitumia dhahabu na fedha kwa uchache ili mawe yaonekane kana kwamba yanaelea hewani. Nyuma ya pambo walificha skrubu ndogo, hata ua lililo katikati ya tiara likaweza kufunguliwa na kuvaliwa kifuani. Ufundi huo uliokuwa sifa ya vito hivyo ndio uliokuja kuwa msiba wao. Kwani kilichoundwa ili kifunguke ni chepesi kuvunjwa.

Hazina ya taji la Ufaransa ilianza tarehe 15 Juni 1530. Siku hiyo Mfalme François wa Kwanza alitenga vito vinane, akatangaza kwamba havikuwa mali yake mwenyewe bali mali ya taji. Kila atakayerithi kiti atavirithi kama amana, wala hatakuwa na ruhusa ya kuvifanya mali yake. Katika zama ambazo mfalme aliweza kusema kwamba nchi nzima ni yake, hilo lilikuwa wazo kubwa. Lilitenga mali ya mtu na mali ya dola. Watumishi wa umma wa leo, wanaoweka sahihi kwa kila kiti na kila meza wanayokabidhiwa ofisini, ni warithi wa wazo la namna hiyo.

Hazina ile ilikua. Mwaka 1717 iliongezewa almasi iitwayo Regent, iliyotoka India, yenye uzito wa karati 140. Mapinduzi yalipokuja, Baraza la Taifa liliamuru mwaka 1791 vitu vyote vihesabiwe na kuandikwa. Hesabu ilifanywa vizuri, lakini ulinzi ulikuwa mbovu. Mwezi wa Septemba 1792, nchi ikiwa katika vita na ghasia, wezi waliingia katika ghala ya hazina usiku baada ya usiku, wakachukua karibu yote. Almasi ya Regent ilipatikana mwaka uliofuata. Almasi kubwa ya buluu ya Louis wa Kumi na Nne haikurudi kamwe katika umbo lake. Ilikatwa upya ili isitambulike, na sehemu iliyobaki ndiyo ile iitwayo Hope, yenye karati 45.52, ambayo tangu mwaka 1958 imo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Hapo Wafaransa walipata funzo lao la kwanza: jiwe lililopoteza umbo lake limepoteza nusu ya uhai wake.

Napoleon wa Kwanza aliijaza hazina tena, na wafalme waliomfuata wakaongeza. Mpwa wake, Napoleon wa Tatu, alipomwoa Eugénie mwaka 1853, mafundi wa Paris walishikwa na kazi usiku na mchana. Sonara Lemonnier alimtengenezea tiara ya lulu 212 na almasi karibu 2,000, kwa kuzitumia lulu zilizokuwamo katika hazina tangu zamani. Mwaka 1855 sonara Kramer alimtengenezea pambo la almasi lenye umbo la utepe uliofungwa fundo, na vishada vikining'inia. Miaka 15 baadaye, mwaka 1870, Ufaransa ilishindwa vitani na Prussia, ufalme ukaanguka, Eugénie akakimbilia Uingereza. Hazina ya taji ilikwisha pelekwa bandari ya Brest, pwani ya magharibi, ili maadui wasiipate. Ilinusurika. Maadui hawakuigusa, walioitawanya walikuwa wenyewe.

Haki yatutaka tuwasikilize waliouza. Hawakuwa wezi, wala hawakuwa wajinga. Jamhuri yao ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa imegeuzwa kuwa milki ya Napoleon mwaka 1804, na ya pili ikageuzwa na mpwa wake mwaka 1852. Mara mbili wananchi walikuwa wamelala chini ya jamhuri wakaamka chini ya taji. Na katika miaka ya 1870 wafuasi wa ufalme walikuwa wengi bungeni hata ikadhaniwa kuwa mfalme yu njiani kurudi. Kwa hiyo mbunge Benjamin Raspail alipoleta shauri la kuuza vito mwaka 1878, hoja yake ilieleweka upesi: pasipo taji hapana haja ya mfalme. Hiyo ndiyo methali yetu ya jongoo kwa lugha ya Kifaransa.

Shauri lile halikupita kwa siku moja. Bunge lilikubali mwaka 1882, baraza la juu likasita. Kisha mwaka 1886 mkuu wa ukoo wa Orléans alimwoza binti yake kwa mrithi wa taji la Ureno. Karamu za arusi hiyo zilifanywa kwa fahari kubwa, hata jamhuri ikaona kama inatishwa ndani ya nyumba yake. Mwezi wa Juni mwaka huo wakuu wa koo zilizopata kutawala walifukuzwa nchini kwa sheria. Mwezi wa Januari 1887 sheria ya kuuza vito ilitangazwa.

Walikuwako waliopinga. Wataalamu wa sanaa na historia walieleza kwamba vito vile si vya mfalme tena, bali ni kazi ya mikono ya mafundi wa Ufaransa na kumbukumbu ya karne tatu na nusu. Walifanikiwa kidogo. Almasi ya Regent iliachwa kwa sababu ya historia yake, pamoja na vitu vichache vilivyohesabiwa kuwa na thamani ya sanaa. Mawe mengine yalipelekwa kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe na Chuo cha Madini. Yaliyobaki, na ndiyo yaliyokuwa mengi, yaliwekwa chini ya nyundo.

Mnada ulifanyika katika jumba la Louvre kuanzia tarehe 12 hadi 23 Mei 1887. Mali yote iligawanywa katika mafungu 69. Wauzaji waliogopa kwamba vitu vikubwa vitakosa wanunuzi, kwa hiyo baadhi vilivunjwa kabla ya kunadiwa. Pambo kubwa la majani ya almasi, alilokuwa akilivaa Eugénie kifuani, liligawanywa likauzwa vipande vipande. Aidha, wakati wenyewe haukuwa mwema kwa muuzaji wa almasi. Tangu mwisho wa miaka ya 1860 almasi zilikuwa zikichimbwa Afrika Kusini kwa wingi usiopata kuonekana, jasho la vibarua Waafrika likizijaza sanduku za wafanyabiashara wa Ulaya. Jiwe lililokuwa adimu likawa si adimu tena.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vito vile vilijiuza. Walikuja masonara wa Paris, London na kwingineko. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa Tiffany wa New York, aliyetwaa mafungu 24 kati ya yale 69 kwa faranga zaidi ya milioni mbili. Mnada mzima uliipatia serikali ya Ufaransa faranga zipatazo milioni saba. Ilikuwa fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini si fedha ya kubadili maisha ya taifa.

Hapa pana jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari hii. Tiffany alipovifikisha vito vile Marekani hakuviuza kama mawe matupu. Alivitia katika visanduku vya ngozi nyekundu, akaandika juu yake kwamba hizi ni almasi za taji la Ufaransa. Matajiri wa reli na mabenki wakavinunua kwa ajili ya wake zao kwa sababu ya maandishi yale. Serikali ya Ufaransa ilipima karati na kuuza mawe; mfanyabiashara alinunua mawe akauza habari zake. Kile ambacho mwenye mali alikitupa kama kijiti cha jongoo, mgeni alikiokota akakifanya mtaji.

Hadi leo minada mikubwa ya vito, inayofanyika hasa Geneva, London, New York na Hong Kong, huendeshwa kwa siri hiyo hiyo. Kabla ya mnada huchapwa kitabu chenye picha na maelezo ya kila fungu. Wataalamu hukadiria bei, muuzaji huweka bei ya chini ambayo chini yake hatauza, na vitu huwekwa wazi ili watu wavikague. Humo kitabuni, baada ya uzito wa jiwe na jina la fundi, huja sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote: ni nani aliyekimiliki, alimwachia nani, na kwa ushahidi gani.

Mfano ulio dhahiri ulionekana Geneva mwezi wa Novemba 2018. Kilinadiwa kidude cha lulu moja na almasi kilichokuwa cha Malkia Marie Antoinette, ambaye aliuawa na Mapinduzi mwaka 1793. Vito vyake vilikuwa vimetoroshwa mapema, vikarithiwa na jamaa zake kizazi hadi kizazi. Makadirio yalikuwa dola milioni moja hadi mbili. Nyundo ilipogonga, bei pamoja na ada ilikuwa dola milioni 36. Lulu ile ilikuwa nzuri, lakini hakuna lulu iliyo nzuri kiasi hicho. Tofauti kati ya milioni mbili na 36 ni bei ya habari.

Sasa tutazame hasara iliyo mbaya kuliko kuuzwa, nayo ni kuvunjwa. Mwaka 1810 Napoleon wa Kwanza alimwoa Marie-Louise wa Austria, akampa tiara, kidani na vipuli vya zumaridi na almasi vilivyofanywa na sonara Nitot. Vitu hivyo vilikuwa zawadi yake mwenyewe, kwa hiyo alikwenda navyo kwao ufalme ulipoanguka, na jamaa zake wakavirithi. Katika miaka ya 1950 tiara iliangukia mikononi mwa duka la vito la Van Cleef & Arpels. Duka liling'oa zumaridi zote 79, likaziuza moja moja katika vito vipya. Katika matundu yaliyobaki likapachika feruzi. Bibi tajiri wa Marekani, Marjorie Merriweather Post, aliinunua na kuwapa Smithsonian mwaka 1971. Aitazamaye leo Washington huona almasi zile zile za mwaka 1810 zikizungukia mawe yasiyo yake, mithili ya shairi ambalo vina vyake vimeng'olewa vikatiwa vingine. Zile zumaridi 79 zimetawanyika, na hakuna mnada utakaozikusanya.

Wafaransa walijuta, na majuto ni mjukuu. Kwa muda wa miaka 40 hivi makumbusho ya Louvre yamekuwa yakipita katika milango ya wauzaji yakitafuta vilivyokuwa vyao. Mwaka 1985 yalinunua vito vya yakuti samawi vilivyopata kuvaliwa na Malkia Marie-Amélie. Mwaka 1988 yalipewa taji la Eugénie, ambalo mwenyewe alirudishiwa kama mali yake na likauzwa na warithi. Mwaka 1992 tiara yake ya lulu, iliyokuwa imenunuliwa na ukoo wa Thurn und Taxis wa Ujerumani, ilinadiwa Geneva. Jumuiya ya marafiki wa Louvre ikainunua na kuirudisha. Mwaka 2002 ilirudi tiara ya zumaridi ya binti wa Louis wa Kumi na Sita, baada ya kukaa miaka mingi katika makumbusho ya London. Mwaka 2004 vilirudi kidani na vipuli vya Marie-Louise, bila ya tiara yao. Mwaka 2008 lile pambo la utepe la mwaka 1855 lilirudi kwa euro milioni 6.72. Kitu kimoja hicho, ambacho serikali ilikuwa imekiuza pamoja na vingine kwa faranga, ikakinunua tena kwa mamilioni, na ikashukuru kukipata.

Lakini kurudisha si kuhifadhi. Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 2025, Jumapili, wezi waliegesha gari lenye ngazi ya kuinua mizigo chini ya dirisha la ukumbi wa Apollo, wakapanda, wakakata kioo, wakavunja masanduku. Katika muda usiozidi dakika nane walichukua vitu vinane, miongoni mwao tiara ya lulu ya Eugénie, lile pambo la utepe, vito vya yakuti samawi na kidani cha Marie-Louise. Taji la Eugénie liliwaponyoka wakalitupa nje, likaonekana limepondeka. Hasara ilikadiriwa kuwa euro milioni 88, lakini waliohojiwa walisema kwamba hesabu hiyo haikuweza kupima kilichopotea. Hofu yao ilikuwa ile ile ya mwaka 1792: kwamba mwizi hawezi kuuza tiara inayojulikana na dunia nzima, kwa hiyo ataivunja auze mawe. Yaani mwizi angefanya kwa dakika chache gizani kile ambacho serikali ilikifanya mwaka 1887 kwa siku 12 mchana, kwa sheria na kwa nyundo.

Pengine msomaji atauliza kama hapakuwa na njia nyingine ya kuukomesha ufalme. Njia ilikuwapo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, serikali mpya ya Urusi nayo ilijikuta na hazina ya wafalme. Ilikuwa na njaa, na ilihitaji fedha za kigeni. Iliuza sehemu, mwezi wa Machi 1927 mafungu 124 yalinadiwa London katika nyumba ya Christie's, likiwamo taji dogo la almasi walilolivaa mabibi arusi wa ukoo wa kifalme. Lakini taji kuu la ufalme, fimbo na almasi zilizo bora zilibaki Moscow, na tangu mwaka 1967 zimeonyeshwa kwa wananchi katika Kremlin. Hakuna mfalme aliyerudi kwa sababu ya taji lililo ndani ya kioo. Na Ufaransa nayo, je, ni mnada uliouzuia ufalme usirudi? Ufalme haukurudi kwa sababu watu walijengewa shule, wakapiga kura, wakazoea kujitawala. Jongoo alikwisha kufa. Mti ulitupwa bure.

Sasa turudi nyumbani. Katika nchi zetu alama za utawala hazikuwa tiara. Zilikuwa siwa, ngoma, viti, mikuki na vilemba. Siwa ya mtawala ilipopulizwa, watu walijua nani anasema. Zana za namna hiyo za Mwinyi Mkuu wa Unguja, ngoma zake na siwa zake, zilihifadhiwa katika makumbusho. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jumba la Sultani pale Forodhani halikubomolewa kwa hasira. Liliitwa Jumba la Wananchi, likatumiwa na Serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana huingia kwa mlango mmoja, wakatazama vitanda na viti vya waliotawala. Hilo ni jibu bora kuliko la Raspail. Kitu cha mtawala kikiwekwa mbele ya macho ya wote, hakimwinui mtawala, humfundisha raia.

Hata hivyo tusijisifu mapema, maana tunayo deni katika upande wa mawe. Mwezi wa Oktoba 1947 iliokotwa Mwadui, katika Shinyanga, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Ilikatwa London ikawa na karati 23.6, na mwaka 1953 duka la Cartier likaifanyia bizimu yenye umbo la ua, jiwe letu likiwa katikati. Ni miongoni mwa vito mashuhuri vya hazina ya kifalme ya Uingereza. Dunia huiita almasi ya Williamson. Shinyanga haimo katika jina, wala Mwadui, wala mkono uliolitoa jiwe udongoni. Mwezi wa Oktoba 2022 almasi nyingine ya waridi ya karati 11.15, iliyopewa jina hilo hilo la Williamson, ilinadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7.

Na mwaka 1967 yalipopatikana mawe ya buluu katika vilima vya Mererani, ni nani aliyeyapa jina la tanzanaiti mwaka uliofuata na kuyatangaza? Ni duka lile lile la Tiffany, lililotia almasi za Ufaransa katika visanduku vyekundu. Tulibahatika kwamba jina la nchi yetu liliingia. Lakini tuone jinsi mfanyabiashara asivyosahau: miaka 81 ilikuwa imepita tangu Paris, naye bado alijua kwamba jiwe lisilo na jina halina soko.

Lipo jambo moja la kututia moyo. Mwezi wa Juni 2020, mchimbaji mdogo wa Simanjiro alipata mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana. Serikali iliyanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Kwa mara moja mali iliyotoka katika ardhi yetu haikuondoka nchini kama jiwe lisilo na habari. Ilinunuliwa na wenye nchi, na jina la aliyeichimba likatangazwa.

Lakini kununua ni mwanzo wa kazi, kama Louvre walivyojifunza. Mimi nimetumikia ofisi za umma kwa miaka mingi, na kama wenzangu nimeona vitu vya thamani vikipotea pasipo mwizi: ngoma ya mtemi iliyoazimwa kwa ajili ya sherehe isirudi, kiti cha jadi kilichohamishwa ofisi na ofisi hata hakuna ajuaye kilitoka wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wilaya yafaa iwe na daftari la vitu vyake vya jadi na vya fahari: kitu gani, kilifanywa na nani, kilivaliwa au kupigwa lini, na wazee gani wanaokumbuka. Daftari hilo ni rahisi kuliko dirisha la chuma, nalo hulinda kile ambacho chuma hakiwezi kulinda. Kitu kikiibwa, habari zake hubaki, na kwa habari hizo kitadaiwa. Kitu kisichoandikwa, kikitoka hata kwa mlango wa mbele, hakuna wa kukiulizia.

Taifa haliwi taifa kwa kuwa na almasi nyingi. Wala halipungukiwi kwa kukosa wafalme. Hupungukiwa linapoyatazama yaliyopita likaona mawe ya kupima kwa karati tu. Kwa hiyo namalizia kwa ubeti mmoja, kwa vijana watakaokabidhiwa funguo za makumbusho yetu:

Kito hakina thamani, kama hakina habari,
Kipelekwe mnadani, kurudi kwake hatari,
Ulichonacho nyumbani, kilinde ukisitiri,
Kesho usende sokoni, kununua chako ghali.